Mashine ya Boti na Pini Yake ya Shaba

Nyinyi vijana mnaokuja kuniazima spana na kunirudishia zikiwa zimejaa grisi, swali lenu ni lile lile: "Bibi, hili dude hapa barazani ni la nini?" Mmoja wenu, simtaji jina ila anavaa kofia nyekundu, alidhani ni mashine ya kukamulia miwa. Simlaumu. Sisi wenyewe siku ya kwanza tulidhani ni ya kusaga mahindi.

Basi leo kaeni. Abiria wa Kilosa wamezoea kungoja. Nitawaeleza dude hili ni nini, linafanyaje kazi, na kwa nini yule jamaa wa vyuma chakavu hatalipata hata akija na mkewe wanisihi wote wawili.

Hii ni mashine ya boti. Ndiyo, ya boti, hapa Kilosa, ambako habari za bahari tunazisikia redioni. Inafungwa nyuma ya boti kwa hizi skrubu mbili zenye masikio, kichwa kinabaki juu hewani, mguu unaingia majini. Kule chini mwisho wa mguu kuna pangaboi. Injini inazungusha shafti, shafti inazungusha gia, gia zinazungusha pangaboi, boti linaondoka. Kwa maneno ni rahisi. Sisi ilituchukua muda mrefu, na kelele nyingi, kufika hapo.

Enzi hizo Uhuru ulikuwa umeshazoeleka na vijiji vya Ujamaa ndio vilikuwa vinapangwa. Mimi nilikuwa msaidizi wa stoo kwenye karakana ya serikali, pale karibu na reli. Kazi yangu ilikuwa kutoa boliti na kupokea boliti. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: siwezi kushika kitu bila kutaka kujua kinaingia wapi. Nikimpa fundi beringi, namfuata nyuma hadi chini ya trekta nione anaiweka wapi. Mafundi wengine walinifukuza. Mzee Mkude hakunifukuza.

Mzee Mkude ndiye alikuwa fundi mkuu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, kwenye zile mashine kubwa zinazomenya majani na kubakiza katani. Mashine zile hazina huruma. Kitu hafifu kikiingia, kinatoka kimekuwa unga. Ndiyo maana Mzee alikuwa na msemo wake mmoja ambao hata watoto wa kota waliujua: "Kazi yangu haikatiki." Ukimpelekea jembe lililovunjika mpini, anakurudishia lenye mpini wa bomba la chuma, huwezi hata kulinyanyua. Alitengeneza bawaba za mlango wa ofisi zikawa nene kiasi kwamba mlango ulioza ukaanguka, bawaba zikabaki zimening'inia kwenye fremu. Alizionyesha kwa wageni.

Sasa, sanduku lilikuja kwa treni. Mwaka uliotangulia mto Mkondoa ulikuwa umekula mashamba ya watu, kwa hiyo huko juu mtu mwenye akili aliona tupewe boti. Ila boti lenyewe lilichelewa njiani. Mashine ikatangulia peke yake, na karatasi ya maelezo ilikuwa imelowa ikawa uji. Tukafungua ubao, tukasimama tukaitazama.

"Ya kusaga," akasema mmoja.

"Unga utatokea wapi?" nikamuuliza.

Hamisi, dereva wetu wa lori na trekta, kijana mrefu mwenye maneno mengi, akasema, "Mimi nimemwona ndugu yake huyu Mikumi. Kuna gereji pale barabara kuu, mwenyewe kamning'iniza mlangoni. Nilidhani ni ya kukatia nyama."

Mzee Mkude alichuchumaa. Akanusa tangi. Akazungusha pangaboi kwa kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo, maana ndipo nilipojua kwamba chuma unaweza kukiuliza kikakujibu. "Hili bawa linasukuma kitu. Lingekuwa la kusukuma upepo, lingekuwa refu na jembamba. Hili ni fupi, pana, limekunjwa kama sikio. Linasukuma kitu kizito. Hili ni la maji."

Na kweli.

Kuiwasha sasa. Nyinyi mnabonyeza kidude, pikipiki inanguruma. Hii haina betri. Ukifungua kofia yake, juu kabisa utaona gurudumu zito. Ndani ya gurudumu kuna sumaku, na chini ya sumaku kuna koili. Unazungushia kamba, unavuta kwa nguvu, sumaku inapita mbele ya koili, cheche inaruka kwenye plagi. Mkono wako ndio betri. Petroli inachanganywa na oili humo humo tangini, kwa sababu injini haina mahali pengine pa kuwekea oili. Haina vali hata moja. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo inafungua na kuziba matundu ya hewa na moshi. Nilipoelewa hilo nilikaa chini. Nilishika pistoni mkononi nikawaza, kumbe mlango na mlinzi wa mlango ni mtu mmoja.

Tuliifunga kwenye ukingo wa pipa la maji, katikati ya uwanja wa karakana. Watu wa kota walikuja, wanafunzi walitoroka shule, mpaka mkuu wa stesheni alivuka reli kuja kuona. Mzee akavuta kamba. Ikalia! Moshi mweupe, kelele, kuku wakakimbilia stesheni. Pangaboi likayachota yale maji ya pipa likayarusha yote juu ya watazamaji. Tukacheka, tukapiga makofi, na injini ikaendelea kunguruma ndani ya pipa lisilo na maji. Ndipo tukasikia harufu ya kandambili inayoungua.

Hilo ndilo somo letu la kwanza, na lilitugharimu. Mashine ya boti haina rejeta. Inavuta maji inamoogelea, inayapandisha juu kupooza injini, inayarudisha. Kinachoyavuta ni kigurudumu kidogo cha mpira kilichofichwa huku kwenye mguu. Bila maji, mpira unaungua. Chetu kiliungua kikawa lami, na spea ya namna hiyo Kilosa haikuwahi kuonekana.

Mzee Mkude alizunguka karakana anatazama miguu ya watu. Akamtazama Hamisi, ambaye alikuwa amevaa makatambuga ya tairi nene.

"Vua kimoja," akasema.

"Mzee, jamani!"

"Vua. Nchi inajengwa."

Kigurudumu kipya kilichongwa kutoka kwenye katambuga la Hamisi, na kilifanya kazi hadi nilipostaafu. Hamisi siku ile alikwenda nyumbani anachechemea.

Tangu hapo tukawa na sheria. Hapa nyuma kuna tundu dogo. Maji yaliyomaliza kupooza yanatoka hapo, mchirizi mwembamba. Sisi tuliuita mkojo, na sioni haya kuwaambia, maana ndilo jina lake. Mashine ikiwaka, kabla ya kutazama kitu kingine tazama mkojo. Ukikatika, zima hapo hapo, hata kama umebeba mkuu wa mkoa.

Boti lilipofika, la bati, lenye tako pana, tulilishusha Mkondoa. Hamisi akajitangaza nahodha. Hakuna aliyempinga kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Yeye alizoea trekta: unawasha kwanza, unatulia, kisha unaingiza gia. Akasimama wima botini, kifua mbele, akavuta kamba. Sasa hii mashine haina fri. Ikiwaka, imeondoka. Boti likaruka mbele, Hamisi akabaki pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa alikuwa majini. Tulilikimbiza boti tupu ukingoni hadi lilipojikita kwenye matete. Na kurudi nyuma je? Haina gia ya kurudi nyuma. Unaigeuza mashine nzima uso nyuma, hivi, inakuvuta kinyumenyume. Mimi hilo lilinifurahisha mno. Badala ya kuongeza gia, wakaacha shingo iwe huru. Nilikaa nikiigeuza geuza mpaka Mzee akaniambia nitamaliza grisi.

Kuna jingine la huku kwetu, ambalo nadhani hata waliotengeneza mashine hii hawakulijua. Mtoni kulikuwa kunashuka makapi ya mkonge kutoka viwandani. Katani ikijisokota nyuma ya pangaboi, haionekani. Inajikaza taratibu hadi inakata ile sili ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Utajuaje? Fungua skrubu ya chini, mwaga oili kidogo kiganjani. Ikiwa nyeusi, salama. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Nyinyi wa pikipiki mnacheka, lakini nimewaona mnavyofunga mifuko ya plastiki karibu na cheni. Tazama nyuma ya kinachozunguka. Haya, nimepotea njia. Nilitaka kuwaeleza habari ya pini.

Sogeeni muone. Pangaboi halijashikamana na shafti moja kwa moja. Limevishwa tu, na kinacholishika lizunguke pamoja na shafti ni hii pini, nene kama penseli ya fundi seremala, iliyopita katikati. Pini ya shaba ya manjano. Laini. Ukiikwaruza kwa tupa, tupa inazama.

Mkondoa, nyinyi mnaujua, una mawe na magogo. Kila pangaboi lilipogonga, pini ilikatika. Injini inapiga kelele, pangaboi limesimama, boti linaelea tu. Hamisi anainua mguu wa mashine, anatoa vipande, anaweka pini nyingine, safari inaendelea. Pini za akiba zilikuwepo, zimebanwa ndani ya kofia ya mashine, ziling'aa kama hereni. Mimi ndiye niliyezigundua, na mimi ndiye nilikuwa nazitoa moja moja.

Zilipokwisha, Mzee Mkude alikuwa amekwishakasirika. Kwake kitu kinachokatika kila wiki kilikuwa tusi. Alichukua kipande cha ncha ya keekee, chuma kile ambacho tupa inateleza juu yake, akakikata kwa jiwe la kunolea, akakipachika mahali pa pini. Akapiga pangaboi kwa nyundo. Halikutikisika.

"Imekwisha hiyo," akasema. "Kazi yangu haikatiki."

Mimi nikasema, taratibu, maana ni mzee wangu, "Mzee, naomba kuuliza. Kiwanda kilichotengeneza mashine yote hii kwa chuma kizuri, kilishindwa kuweka pini ya chuma?"

"Walibana matumizi."

"Mbona basi walituwekea na za akiba? Mtu anayekupa akiba anajua itakatika."

"Wanajua kwa sababu wameweka kitu hafifu, binti. Nenda kalete grisi."

Nikaenda kuleta grisi. Swali nikabaki nalo, likinisumbua kama punje ya mahindi kwenye jino. Mvua ilikuwa bado, mto ulikuwa chini, boti lilitoka mara chache tu, na pini ya chuma ilikaa bila kukatika. Hamisi alifurahi. Kwa muda Mzee alionekana kuwa sahihi.

Mama yangu mzazi, Bi Mwanaidi, alikuwa ameteremka kutoka milima ya Ukaguru pamoja na wenzake kuhamia kijiji kipya kule mbugani, chini ya Magole. Nyumba zimepangwa mstari, shamba la pamoja, bomba lilikuwa limeahidiwa. Mama alipapenda kwa sababu alipata majirani wa kugombana nao. Ila udongo ule mweusi wa mbuga ulikuwa mzuri kwa sababu moja tu: ni mto uliouleta, na mto huwa unarudi kutazama mali yake.

Mwaka ule ulirudi. Hapakuwa na mvua kubwa Magole kwenyewe. Maji yalitoka milimani, mchana, jua linawaka. Mfugaji mmoja aliyewahisha ng'ombe wake kwenye mwinuko alikuja Dumila akatoa habari kwamba mbuga imekuwa ziwa, na watu wa kile kijiji wamepanda juu ya vichuguu. Nyinyi mmeviona vichuguu vya mbugani, vikubwa kama nyumba. Habari ikapigwa simu Kilosa. Nikamwambia Mzee, "Mama yangu yuko kule." Alikwenda kuishika mashine upande mmoja, Hamisi upande wa pili, wakaipandisha kwenye lori.

Barabara ya Rudewa ilikuwa bado inapitika. Tukashusha boti pale maji yalipoanzia, asubuhi. Mzee akakaa mbele, mimi katikati na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, Hamisi nyuma kwenye mashine. Kichuguu chenyewe tulikiona kwa mbali, watu wamebanana juu yake. Tulifika. Mama alikuwa pale, tenga la kuku kichwani.

"Shikamoo mama," nikapiga kelele.

"Marahaba. Umechelewa. Chukua hawa watoto kwanza."

"Mama, panda na wewe!"

Alinifokea kwa Kikaguru, maneno ambayo siyatafsiri. Tukapakia watoto na mama wenye wachanga, boti likajaa. Nilimwangalia mama yangu hadi akawa kidoa.

Tulipokaribia nchi kavu, pangaboi liligonga kitu. Huenda lilikuwa boriti la nyumba, huenda nguzo. Ulisikika mlio ambao sitaki kuusikia tena, kama mtu anatafuna mawe. Injini ikaendelea kunguruma, boti likasimama. Hamisi akainua mguu wa mashine. Pini ilikuwa nzima kabisa, imenyooka, haina hata mkwaruzo.

Tulisukuma kwa upondo hadi tukafika. Watoto wakashuka. Mzee Mkude akaweka mashine juu ya bodi ya lori akafungua sehemu ya gia. Ikamwagika oili, na ndani ya oili meno ya gia, yamekatika kama meno ya mtu aliyeanguka na baiskeli. Pini haikukubali kukatika, basi gia ndizo zilizokatika badala yake.

Mzee aliyashika yale meno mkononi. Nilikuwa na hasira naye, nawaambia kweli. Kule mbali mama yangu alikuwa amesimama juu ya udongo, na udongo ulikuwa unaloa. Kwa upondo peke yake tusingefika, mkondo wa katikati ulikuwa mkali mno.

Ni Hamisi aliyesema, "Ndugu yake. Yule wa Mikumi."

Tukaendesha. Kurudi Kilosa, kupita kile kijiji kinachoitwa Ulaya, hadi Mikumi, lori linarukaruka mpaka nikajiuma ulimi. Jioni jua likiwa bado lipo tulisimama mbele ya gereji ya Bwana Festo, mtu mnene, mpole, na kweli mashine ilikuwa imening'inia mlangoni kwake. Ilikuwa ndogo kuliko yetu na ya zamani zaidi. Mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa na bwawa aliiacha alipoondoka. Mzee Mkude alimsalimia, akamweleza shida yetu kwa maneno machache. Hakuficha chochote, hata pini ya chuma hakuificha.

Bwana Festo alisikiliza akiwa amefungua mdomo. "Kumbe ni ya boti!" akasema. "Miaka yote nawaambia watu ni ya ndege. Chukueni mnachotaka. Sharti langu moja, siku moja mje mnionyeshe ikiwaka."

Tukaifungua pale pale. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, vijana, maana hili ndilo linalonifanya nizipende mashine za zamani mpaka leo. Ile ilikuwa ndogo, kongwe, kofia yake ya umbo jingine kabisa. Lakini waliozitengeneza hawakuona sababu ya kubadilisha kitu kilichokuwa kizuri tayari. Gia zake na zetu zilikuwa zile zile. Mzee aliziingiza kwenye shafti yetu kwa mkono, bila nyundo, zikateleza zikakaa. Nikalia. Hamisi akanipa kitambaa chake, kilikuwa na dizeli, nikalia zaidi.

Ikabaki pini. Mzee akasimama mbele ya meza ya Bwana Festo, ambako kulikuwa na vifaa vya kuchomelea kwa gesi. Kati ya vifaa hivyo zilikuwepo fimbo za shaba ya manjano, zile za kuungia vyuma, kila gereji inazo. Hata karakana yetu ilikuwa nazo siku zote. Akaokota moja, akaigeuza.

"Binti," akaniita. "Zile za kiwandani wewe ndiye uliyekuwa unazishika. Zilikuwa laini kiasi gani?"

"Tupa ilikuwa inazama kwa mvuto mmoja, Mzee."

Akavuta tupa juu ya fimbo. Ikazama.

"Kwa hiyo wanataka ikatike," akasema.

"Naona wanataka ikatike yenyewe, kabla ya gia."

Akaitazama mashine, kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Aliyebuni hii," akasema, "alikuwa ameshavunja gia nyingi sana."

Alizikata pini pale kwenye jiriwa la kubania vyuma, akazisugua moja moja. Hasira yangu yote iliondoka nilipokuwa nikimtazama, maana alikuwa na uso wa mtu aliyepewa jibu la swali ambalo hakujua kwamba analo. Kulipopambazuka tulikuwa Magole.

Maji yalikuwa yamepanda. Kile kichuguu kilikuwa kimekatika ubavu mmoja, na watu waliobaki walikuwa wamesimama mahali pa kutosha mkeka. Mama yangu alikuwa na maji magotini, tenga lile lile kichwani.

Mzee Mkude alikaa safari hii nyuma, karibu na mashine, pini ameziuma midomoni kama fundi cherehani. Hatukwenda mbali pangaboi likagonga. Tak! Injini ikalia juu. Hamisi akazima, akainua. Mzee akatoa vipande, akavitia mfukoni, akachomoa pini mdomoni, akapachika. Mimi nazuia boti kwa upondo. Kamba, moshi, mkojo, twende. Tukagonga tena. Tak! Akabadilisha tena. Chini ya maji yale kulikuwa na kijiji kizima, nguzo, uzio, vinu, na sisi tulikuwa tunapita juu yake.

Karibu kabisa na kichuguu, pale mkondo ulipokuwa mkali, ikakatika tena. Boti likaanza kuchukuliwa. Nilikita upondo nikaulalia kwa kifua. Niliona udongo unadondoka nyuma ya mama yangu, mabonge mabonge. Midomoni mwa Mzee ilikuwa imebaki pini moja. Akaichomoa kwa ile mikono niliyoiona ikiinua injini za matrekta. Akaidondosha. Ikaanguka ndani ya boti, asante Mungu, si nje. Akaiokota, akaipachika. Hamisi akavuta kamba. Mchirizi ukatoka. Tukafika.

Walipanda wote. Mama alipanda wa mwisho, akapitisha tenga kwanza, ndipo mguu. Tulirudi polepole mno, Hamisi akitafuta njia kana kwamba anapita kwenye chumba cha mtoto aliyelala, na ile pini ya mwisho ilitufikisha.

Nchi kavu nilimkumbatia mama hadi kuku wakalalamika. Yeye alikuwa anamtazama Mzee Mkude kwa jicho lake la kutafuta ugomvi, jambo lililonionyesha kwamba yu mzima. Hakujua habari ya gia, wala Mikumi, wala ya mtu yule na msemo wake.

"Nyinyi," akasema, "mbona mlikuwa mnasimama simama? Nawaona hao wanakuja, mara wamesimama. Fundi gani huyo, kazi yake inakatika njia nzima?"

Hamisi akageuka kutazama pembeni. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee Mkude aliingiza mkono mfukoni, akatoa vipande vya shaba vilivyokatika, vyote, akavitandaza kiganjani mbele ya mama yangu. Havikuwa vimepinda wala kuchanika. Vilikuwa vimekatika katikati, sawasawa, kama muwa.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ona jinsi ilivyokatika vizuri."